Barua kwa mwanangu: machapisho mia tatu ya profesa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema umempata profesa wa upasuaji wa saratani aliye tayari kukusimamia, ana machapisho zaidi ya mia tatu, na unaniuliza: "Mama, orodha ndefu kiasi hiki haitoshi kuonyesha kwamba huyu ni bingwa?" Haitoshi, mwanangu. Lakini ukiisoma taratibu itakwambia mengi.

Anza na majina. Katika fani yetu, anayetajwa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi kubwa na kuiandika. Wa mwisho ndiye kiongozi aliyebeba dhamana. Walio katikati huenda walileta wagonjwa, au walisoma vipimo, au waliwekwa kwa heshima tu, na hilo la mwisho si haki hata kama limezoeleka. Halafu angalia kama vijana wake wanatangulia. Profesa ambaye wanafunzi wake hawaonekani kamwe mwanzoni mwa makala, mimi nisingependa uende kwake. Na kile kipimo cha h alichokipendekeza mwanafizikia Hirsch mwaka 2005, kwamba mwenye makala 40 zilizorejelewa na makala nyingine angalau mara 40 kila moja ana h ya 40, usikipe uzito mno. Hakijui nani alishika kalamu na nani alitia jina tu.

Mimi ninachokitafuta kwanza ni muda. Upasuaji wa saratani hauna jibu siku ya kutoa nyuzi. Kidonda kimekauka, mgonjwa amerudi nyumbani, ndugu wanashukuru, nawe bado hujui kama umemponya.

Unamkumbuka Halsted, yule daktari mpasuaji wa Marekani. Mwaka 1894 alichapisha matokeo ya upasuaji wake wa kuondoa titi lote, misuli ya kifua na tezi za kwapani, na kwa miongo mingi baada yake madaktari waliamini kwamba anayekata zaidi ndiye anayeponya zaidi. Bernard Fisher na wenzake nchini Marekani wakalipima jambo hilo kwa wagonjwa, kwa kura, yaani bahati nasibu ndiyo iliyoamua nani apate matibabu yapi: baadhi ya wanawake waliondolewa titi zima, wengine uvimbe peke yake, wengine uvimbe kisha mionzi. Mwaka 1985 walitoa matokeo ya miaka mitano. Wangeweza kuishia hapo, sifa walikwisha kuzipata. Lakini waliendelea kuwafuatilia, na mwaka 2002 wakachapisha matokeo ya miaka 20 kwa wanawake 1,851. Katika kuishi, makundi yote matatu hayakutofautiana. Walioondolewa uvimbe tu, ugonjwa ulirudi katika titi lilelile kwa asilimia 39.2, waliopata na mionzi, asilimia 14.3. Wanawake wangapi wamebaki na matiti yao kwa sababu kuna watu waliokubali kusubiri! Kwenye orodha ya machapisho, subira hiyo yote inaonekana kama mstari mmoja tu.

Upande wa pili, kumbuka upasuaji wa matundu madogo kwa saratani ya shingo ya kizazi. Makala nyingi zilizotazama mafaili ya nyuma zilisema hauna tofauti na ule wa kufungua tumbo. Mwaka 2018 jaribio la kura likaonyesha kwamba baada ya miaka minne na nusu, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 86.0 kwa matundu madogo, na 96.5 kwa waliofunguliwa tumbo. Kwa hiyo usihesabu makala tu. Tazama zilijengwa juu ya nini.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Nikiwa na umri kama wako, jina langu lilikuwa la tatu kwenye makala iliyosifiwa sana. Wagonjwa waliokuwa wameacha kuja kliniki tuliwahesabu kuwa wazima. Baadaye nikakaa na rejista, ile safu ya "mara ya mwisho kuonekana", nikaanza kupiga simu. Namba ya kwanza ilipokelewa na kijana. Nikamwomba nizungumze na mama yake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama tulimzika mwaka jana. Ninyi ni wa hospitali? Mbona hamkupiga?" Niliandika jina la yule mama kwa kalamu nyekundu nikashindwa kupiga simu ya pili siku ile. Zilizofuata zilikuwa nyingi za namna hiyo. Nilimweleza mkubwa wetu kwamba makala inatakiwa kusahihishwa, akaniambia tusonge mbele. Nami nikasonga mbele. Hadi leo inarejelewa.

Kwa hiyo ukienda kuonana na profesa wako, chagua makala yake moja ya zamani ambayo jina lake liko la kwanza au la mwisho, uisome yote, hasa pale wanapoeleza wagonjwa waliopotea. Kisha muulize kwa adabu: hawa wako wapi sasa, na katika timu yake ni nani anayewapigia simu?

Nakuombea heri.

Mama yako