Mstatili ndio unaomaliza kitambaa

Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: msomaji mwenye cherehani nyumbani na vitambaa vilivyojaa kabatini, atavimaliza vipi bila kwenda dukani kununua vingine? Mimi nashona nyumbani, hapa Dar es Salaam, kwa cherehani ya miguu, na nawajibu hivi: kateni mistatili. Magauni yasubiri kwanza. Shoneni vitu vya pembe nne, vya mshono ulionyooka, visivyo na zipu wala mikono wala shingo.

Sababu ni hii. Ukikata gauni la kubana kwenye kitenge cha yadi sita, kwapa, shingo na mabega huacha vipande vyenye upinde. Huwezi kuvitupa, maana ni kitenge kizuri. Huwezi kuvishona, maana havina upande hata mmoja ulionyooka. Vinarudi kabatini. Mtu anashona mwaka mzima na kabati halipungui. Ukikata mstatili, kinachobaki nacho ni mstatili, na mstatili hata ukiwa mwembamba una kazi yake.

Wenzetu mafundi watasema vitu vya pembe nne ni kazi ya mtoto anayeanza kujifunza. Sikubaliani. Khanga ni pembe nne, kikoi ni pembe nne, kitenge cha kujifunga ni pembe nne, na watu wamevaa hivyo vizazi na vizazi wakapendeza. Kitambaa kilichochapwa vizuri hakihitaji kukatwakatwa ili kionekane.

Tujiulize pia vitambaa hivi vinatoka wapi, maana wengi wetu hatukuvinunua kwa sababu tulikuwa na kitu cha kushona. Ni sare. Harusi ina sare yake, sendofu ina yake, kicheni pati ina yake. Kwaya ina sare, WAWATA, wanawake Wakatoliki, wana vitenge vyao, na kila Machi 8, Siku ya Wanawake, ofisini wanachagua kingine. Kamati ikishaamua, unatoa hela, unampelekea fundi, na fundi mwaminifu anakurudishia kilichobaki: yadi moja, mara nyingine karibu mbili. Halafu kuna khanga za zawadi. Umejifungua, unaletewa doti, yaani jozi ya khanga. Umefiwa, unaletewa doti. Shangazi katoka Zanzibar, doti. Zote zina upendo ndani yake, ndiyo maana hakuna anayethubutu kuziingiza mkasi.

Lakini kuziacha zilale si kuzitunza. Sisi wa pwani tunajua unyevu unavyofanya. Pamba iliyokunjwa miaka hupata mstari kwenye mkunjo usiotoka hata kwa pasi, kisha madoa ya njano, kisha ukungu wenye harufu inayoingia hadi kwenye nguo za jirani yake. Kitambaa ulichokihifadhi kwa heshima ya aliyekupa kinakuja kuishia kuwa tambara la kupigia deki. Afadhali kiwe foronya anayoilalia mtoto.

Kabla ya kushona chochote, toeni vyote na mvifue. Kitenge kipya kina wanga na kitarudi kidogo kikiingia majini. Ukishona kabla ya kufua, kitarudi baadaye mshono ukiwa tayari, na mshono utajikunja. Khanga mpya huchuja rangi, hasa nyekundu na nyeusi, kwa hiyo kila moja iloweke peke yake. Zikikauka, piga pasi, pima kila kipande kwa futi ya fundi, andika urefu na upana kwenye kikaratasi, kibane kwa pini. Kisha panga kwa ukubwa. Msipange kwa uzuri. Ukipanga kwa uzuri utarudi kuwazia gauni. Ukipanga kwa ukubwa, kila fungu linakwambia lenyewe linatosha nini.

Wakati huohuo tenganisha pamba na polista, kwa sababu vitenge vingi vya siku hizi vinafanana machoni. Chomoa nyuzi chache pembeni, zishike kwa kibano juu ya beseni, ziwashe. Pamba huungua kama karatasi, ikanuka karatasi, ikaacha majivu laini. Polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Polista itafaa kwa mifuko na mapazia. Kitandani inaleta joto, na karibu na moto ni hatari.

Sasa foronya, ambayo kwangu ndiyo kazi bora kuliko zote. Mto wa kawaida una sentimita 50 kwa 75. Kata ukanda mmoja wenye upana wa sentimita 53 na urefu wa 174. Pinda ncha mbili fupi, kila moja ikila sentimita 2. Utandike ukanda mezani uso ukiwa juu. Kunja ncha moja hadi upate sentimita 75 kutoka kwenye mkunjo, nyuso zikitazamana. Upande wa pili zitabaki sentimita 20 zimechomoza. Hizo 20 zirudishe juu ya kile ulichokwisha kukunja. Shona pande mbili ndefu, sentimita moja na nusu kutoka ukingoni, piga na mstari wa pili karibu na ukingo kama huna ovaloki, kisha geuza. Zile sentimita 20 zitaingia ndani zenyewe na kuwa mfuniko wa kuushika mto. Hakuna kifungo wala zipu.

Angalieni hesabu yake. Kitenge kina upana wa kama sentimita 115, na yadi mbili ni sentimita 183. Kanda mbili za 53 zinakaa ubavu kwa ubavu, na urefu unatosha. Yadi mbili, foronya mbili, ni jozi ya kitanda kimoja. Kinachobaki pembeni ni ukanda wa kama sentimita 9, umenyooka, na huo msiutupe; nitaurudia.

Wifi yangu aliwahi kunikuta naikata sare ya harusi ya kaka yake. Akashika kichwa. "Wifi! Hii si sare ya harusi yetu? Unaifanya foronya?" Nikamwambia, "Wifi yangu, ile harusi tulicheza mara moja. Hii foronya utaiona kila ukija kulala hapa." Alikaa kimya kidogo, akauliza kama kinatosha na cha kwake. Kilitosha. Nadhani hilo ndilo wengi wanalolihitaji: kuona kwamba kitambaa cha kumbukumbu kikikatwa, kumbukumbu haiendi popote.

Kipande cha yadi moja kinatoa mifuko miwili ya sokoni. Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, sote tunanunua ile mbadala pale genge, na mishikio yake inakatika ukiweka viazi na nazi mbili. Kata mapande manne ya sentimita 41 kwa 47: mawili kando kwa kando kwenye upana wa kitambaa, na mawili chini yake. Kando inabaki kanda ya sentimita 21 kwa 91. Ipasue katikati kwa urefu, kisha kila nusu ikate vipande viwili, unapata mishikio minne ya kushika mkononi. Kila mshikio ukunje mara nne kwa urefu, upigie mistari miwili.

Mifuko hii ishoneni kwa mshono wa kuficha, maana kitenge kinatoa nyuzi na mfuko unafuliwa mara kwa mara. Weka ndani kwa ndani, yaani uso uwe nje pande zote mbili, shona nusu sentimita. Punguza nyuzi kwa mkasi, geuza, bonyeza kwa pasi, shona tena sentimita moja. Ukingo wote umefungiwa ndani, na mfuko unapendeza ndani kama nje. Kona mbili za chini zibane ziwe pembetatu, shona kukatisha kona, mfuko utasimama wenyewe ukiuweka chini. Juu pinda sentimita 4, mishikio iingie ndani ya pindo, na kila mshikio upigiwe kisanduku chenye mstari wa msalaba. Hapo ndipo uzito wote unapokaa, msipaonee uvivu.

Sketi ya lastiki nayo ni mstatili. Yadi mbili zizunguke mwili zikiwa kwa upande, kama unavyojifunga kitenge. Mshono ni mmoja tu, wa nyuma. Ukingo wa kitambaa unakuwa ndiyo pindo la chini, kwa hiyo hata kupinda hakuna. Ukingo wenye maandishi ya kiwanda uuelekeze kiunoni, uukunje ndani uwe njia ya lastiki. Lastiki ya inchi moja, urefu wake uwe pungufu ya kiuno chako kwa sentimita 5 hivi. Kwa mwenye nyonga pana yadi mbili bado zinatosha.

Kwenye khanga nabadilisha utaratibu. Khanga ina pindo kuzunguka pande zote, ina mji, yaani uwanja wa katikati, na ina jina lake, yale maandishi, na ukiikata ovyo unabaki na kitu kisicho na kichwa wala miguu. Mimi siikati, naiunga. Chukua doti nzima, weka shuka kuukuu la pamba katikati ya khanga mbili, funga pande nne, kisha piga mistari michache ukifuata pale pindo linapokutana na mji. Ni shuka la mtoto la msimu wa baridi ya Juni na Julai, lina upana wa kama sentimita 110 na urefu wa 150, na jina linasomeka pande zote mbili. Mama aliyeletewa doti tano za uzazi ana mashuka ya kumtosha mtoto hadi aanze shule. Na kama mtu anaona kuunga vitambaa ni dalili ya umaskini, akumbuke simulizi ya pwani kuhusu khanga yenyewe: katika karne ya 19 wanawake walinunua leso zilizoletwa na wafanyabiashara zikiwa hazijakatwa, wakaunga sita, tatu juu na tatu chini, likawa vazi moja. Tulianzia kwenye kuunga.

Ule ukanda wa sentimita 9 ndio unaofunga kingo za vishikio vya sufuria. Mapande mawili ya pamba ya sentimita 20 kwa 20, katikati taulo kuukuu iliyokunjwa mara mbili au kipande cha jinzi, piga mistari ya kukatiza, funga ukingo. Hapa narudia kwa mkazo: pamba tupu, nje na ndani. Polista ikigusa sufuria iliyotoka jikoni huyeyuka na inaweza kushika kwenye kiganja. Kwa jinzi badilisha sindano, weka namba 16; vitenge vyenyewe vinataka namba 14 tu.

Uzi usiwatoe nyumbani. Kwenye kitambaa chenye maua mengi jicho haliuoni mshono, kwa hiyo uzi wa kijivu au wa krimu unashona karibu vitenge vyote ulivyo navyo. Nina bobini kadhaa nilizozijaza kijivu zikae tayari, na nikipata nusu saa baada ya kuosha vyombo najua sitaimaliza kwa kutafuta rangi. Vitu hivi vinashonwa kwa vipindi vifupi. Leo unakata, kesho unapinda, keshokutwa unafunga pande. Gauni lingekutaka siku nzima usiyokuwa nayo, na ndiyo sababu nyingine vitambaa vinalala.

Vipande vilivyo chini ya kiganja vikateni vidogovidogo, vijazeni kwenye mto wa kukalia chini. Unakula vitambaa vingi sana na unakuwa mzito, usisogee mtu akiukalia. Huo ni wa barazani, haufai kulalia.

Kuna fungu moja ambalo hamtalishona kamwe, na kila mwenye kabati analijua lake: rangi isiyokupenda, polista inayoteleza chini ya sindano, satini ya bitana iliyobaki. Msilirudishe ndani mkisema siku moja. Karibu kila mtaa una fundi mwenye mabinti wanaojifunza, na wanafunzi wa ushonaji wa VETA, vyuo vya ufundi stadi, wanahitaji vitambaa vya kufanyia mazoezi ya kukata kwapa na kola, kazi inayoharibu kitambaa kingi kabla mkono haujazoea. Satini inayoteleza ndiyo inayowafaa zaidi, maana aliyeweza kuinyoosha hiyo hashindwi na kitenge. Kifue, kipige pasi, kiandike vipimo kama vingine, uwapelekee kikiwa kimekunjwa vizuri.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam