Funika Maelezo ya Picha, Wanafunzi Waulize

Mwalimu mwenzangu, ukitaka darasa la historia lichangamke, wape wanafunzi picha ya zamani, kisha ufunike maandishi yaliyo chini yake. Vitabu vya mtaala wa umilisi (CBC) hapa Kenya vina maswali dadisi kwa kila mada, lakini yametungwa na watu wazima. Swali linalomnyima mtoto raha mpaka alitafutie jibu ni lile alilolizua mwenyewe.

Picha niipendayo kwa kazi hii ni ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau waliopinga ukoloni wa Waingereza, baada ya kunaswa, Oktoba 1956. Amelala, nywele zimesokotana, mikono imetiwa pingu. Nawapa muda waitazame kimya, halafu sheria ni moja: taja kwanza unachokiona, dhana baadaye. "Ana huzuni" ni dhana. "Pingu" unaiona. Mara maswali yanaanza kumiminika: mbona mtu aliyelala hoi hivyo afungwe pingu? Na aliyeshika kamera ni nani? Hilo la mwisho ni dhahabu, usilijibu haraka. Waache walizungushe wao kwa wao mpaka wang'amue kwamba picha ilipigwa upande wa waliomkamata, na waanze kujiuliza serikali ya kikoloni ilitaka watu waone nini.

Ndipo natoa picha ya pili: sanamu yake pale Mtaa wa Kimathi, Nairobi, iliyozinduliwa Februari 2007, miaka 50 tangu anyongwe. Hapa amesimama wima, ana bunduki. Wengi wao hupita hapo wakienda mjini na hawajawahi kuitazama vizuri. Mtu ni yuleyule, na ubishi unaofuata hauhitaji mwalimu, ila wa kugawa zamu za kuongea.

Gharama ni ndogo. Nakala moja kwa kila kundi yatosha, mradi iwe safi. Picha iliyofifia huua kazi yote, maana utajiri umo katika vitu vidogo. Picha za vibarua wa kutoka India waliojenga reli iliyofika Nairobi 1899 pia hufaa sana.

Picha za maiti za enzi ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopambana na Mau Mau, siziingizi darasani kamwe. Nairobi hii ina watoto ambao wazee wao walizolewa katika Operesheni Anvil, msako mkubwa wa Waingereza jijini humu, Aprili 1954, na wengine ambao wazee wao walivaa sare za serikali. Tukifika mada hiyo, simlazimishi yeyote kusema. Maswali yao huyaandika kwenye karatasi bila majina, nami nayasoma kwa sauti.