Maswali na Majibu: Mawimbi ya Redio na Seli za Saratani

Watu wanasema simu inaleta saratani, nyinyi mnasema mawimbi hayohayo yanaitibu. Tushike lipi?

Swali hili halichoki kurudi. Mawimbi ya redio hayana nishati ya kuvunja vinasaba kama eksirei. Mwaka 2011 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, iliyaweka kundi la 2B, yaani "huenda", na huenda si ndiyo. Ukitaka kulinganisha, taja kwanza masafa, nguvu na muda. Bila hivyo hatuna cha kujadili.

Tuliweka seli za saratani ya ini kwenye megahezi 13.56 kwa saa nzima. Nyingi zilikufa, seli za kawaida zikapona. Inkubeta, kabati la joto la kukuzia seli, ilisoma nyuzi 37 muda wote. Je, si ushahidi kwamba masafa haya yanachagua saratani?

Bado. Inkubeta ilisoma hewa yake, haikusoma sahani yenu ya seli. Chukua wati 4 tu kwa kilo: kimiminika cha seli hupanda karibu nyuzi 0.06 kila dakika kama joto halipotei. Kwa saa moja ni zaidi ya nyuzi 3, na hapo mmevuka 40 bila kujua. Tena joto halisambai sawasawa. Pembezoni, kimiminika kinapopanda ukuta wa sahani, nguvu hujikusanya, na seli za hapo huungua wakati za katikati ziko salama.

Kipimajoto cha waya wa chuma hakifai. Waya hunasa mawimbi, ukasoma uongo na pengine ukachoma seli zilizo jirani. Tumia cha nyuzi za kioo, ncha yake iwe ndani ya kimiminika, karibu na seli.

Kisha mnahitaji sahani za aina tatu: zilizopigwa mawimbi, zilizokaa ndani ya mashine ileile ikiwa imezimwa, na zilizopashwa kwa maji ya moto zikifuata mchoro uleule wa joto. Hili la tatu ndilo watu hulikwepa, na ndilo linaloamua. Zikifa sawa na za mawimbi, mmegundua joto. Anayehesabu seli asijue sahani ipi ni ipi, na jaribio lirudiwe siku tofauti.

Hakikisheni pia kwamba seli zenu ni za ini kweli, kwani HeLa, seli za saratani ya mlango wa kizazi zinazokuzwa maabara, imevamia chupa nyingi duniani, na mpime maikoplazma, bakteria wadogo wanaochafua seli za maabara. Kuhusu hizo "za kawaida": kama zinagawanyika polepole, kupona kwake hakuthibitishi uchaguzi wowote.

Chembe za dhahabu zinasaidia seli kushika joto?

Kwa megahezi 13.56, kidogo mno. Joto kubwa lililoripotiwa lilitoka kwenye chumvi za kimiminika. Chuja chembe, pasha kimiminika kitupu, utaona.

Ipo tiba iliyokubaliwa, au yote ni ya maabara?

Ipo, na kila moja ina njia yake. Sindano ya kuunguza uvimbe hutumia takriban kilohezi 375 hadi 500, na lengo ni nyuzi 60 hadi 100. Ukizidisha, nyama hugeuka mkaa, umeme haupiti, na uvimbe hubaki nusu hai. Hufaa zaidi kwa uvimbe usiozidi sentimita 3. Mshipa mkubwa wa damu ukiwa jirani, damu hubeba joto na saratani huota tena palepale.

Kwa glioblastoma, saratani kali ya ubongo, kuna uga wa umeme wa kilohezi 200 unaovuruga mgawanyiko wa seli bila kupasha. Marekani iliuidhinisha mwaka 2011, ikaongeza wagonjwa waliogunduliwa karibuni 2015. Katika jaribio kubwa, wastani wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 20.9 dhidi ya 16.0 kwa wasioutumia. Huvaliwa kichwani angalau saa 18 kwa siku, jambo ambalo matangazo hulisema kwa sauti ya chini.

Kifaa cha megahezi 27.12 kwa saratani ya ini kilipita Marekani mwaka 2023 kwa njia ya msamaha wa kibinadamu, ambayo haidai uthibitisho kamili wa ufanisi. Msikisome kama ushindi uliokamilika.

Naweza kununua mashine mtandaoni nijitibu?

Hapana.

Kupasha uvimbe kunaongeza nini kwenye tibamionzi?

Kwenye nyuzi 41 hadi 43 seli hushindwa kurekebisha vinasaba vilivyovunjwa na mionzi. Jaribio la Uholanzi la mwaka 2000 kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa eneo la nyonga lilionyesha asilimia 51 hai baada ya miaka mitatu, dhidi ya 27 kwa mionzi pekee. Kipimo cha joto huhesabiwa kwa dakika zinazolingana na za nyuzi 43: kila nyuzi ikipanda juu ya hapo muda hupungua nusu, ikishuka huhitaji mara nne. Kwa hiyo dakika 60 kwenye 43 ni dakika 240 kwenye 42. Anayeandika "tulipasha saa moja" bila kutaja nyuzi hajaandika kipimo. Na mgonjwa mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiwekwe kwenye mashine hii.