Kwa wanaoanza tasnifu kuhusu Dada: someni maelezo yaliyo chini ya picha

Mwaka huu tena nimepokea rasimu za wanafunzi wapya, na tatu kati yake zinaanza kwa utani uleule kwamba Dada, ile harakati ya sanaa, hakuwa dada wa mtu. Wadogo zangu, tumekwisha kucheka, sasa tufanye kazi.

1. Tajeni Vita vya Kwanza vya Dunia. Cabaret Voltaire, klabu ambamo Dada ilizaliwa, ilifunguliwa Zürich tarehe 5 Februari 1916, na asiyekumbuka kilichokuwa kikiendelea Ulaya wakati huo hawezi kueleza kwa nini mwanzilishi wake, Hugo Ball, alipanda jukwaani miguu yake ikiwa ndani ya bomba la karatasi ngumu la buluu, akasoma mashairi ya sauti tupu.

2. Msiandike kwamba «Fountain» ya Marcel Duchamp, yaani chombo cha kukojolea cha kiwandani alichokiita sanaa, iliwaudhi watazamaji wa maonyesho ya New York mwaka 1917. Hawakuiona, kwa sababu waandaaji walikikataa chombo kile, ilhali kanuni yao iliahidi kumpokea yeyote aliyelipa ada.

Hapa ndipo nilipoungua mimi. Katika tasnifu yangu nilijaza kurasa nne nikieleza jinsi kauri ile ya kiwandani ilivyozeeka pamoja na karne yake, na jinsi ambavyo hakuna mkono wa msanii ulioigusa. Chini ya picha niliyoinakili paliandikwa 1964, nami nikadhani ni mwaka ambao makumbusho yalikinunua. Mtahini wangu, mama mpole sana, aliniuliza, “Mwanangu, unaeleza chombo kipi?” Nikajibu bila kusita kuwa ni kile cha 1917. Hakubisha, alifungua ukurasa wa picha, akaweka kidole juu ya tarehe, akasubiri. Chombo cha 1917 kilikwisha kupotea, ikabaki picha iliyopigwa na Alfred Stieglitz, na nilichokuwa nikikisifu ni nakala iliyofinyangwa kwa kufuata picha hiyo, kisha ikapakwa rangi ili ifanane na kauri. Kurasa nne nzima nilishangilia kutokuwapo kwa mkono, mbele ya kazi ya mfinyanzi!

3. Msimwache nje Hannah Höch, msanii wa Dada wa Berlin aliyeunganisha vipande vya picha.

4. Richard Huelsenbeck, mshairi wa Dada, alitunga mashairi aliyodai ni ya Kiafrika, akiyamalizia kwa “umba umba”. Sauti hizo alijibunia mwenyewe, lakini mmoja wenu amezisoma kwa Kiswahili na kuandika nusu ukurasa kuhusu fumbo la uumbaji. Nimemwandikia pembeni: njoo ofisini, na uje na picha zako zote.