Kaa chini mkekani na mwanao mtengeneze kitu

Wazazi wenzangu, mwaka jana mwalimu wa chekechea aliniita akaniambia mama, kijana wako penseli inamteleza, vidole havina nguvu. Na kweli hata kifungo cha shati alikuwa hawezi kufunga mwenyewe. Nyumbani anashinda na simu, kidole kimoja tu ndo kinafanya kazi.

Nikachukua vikombe 2 vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, nikaongeza maji kidogo kidogo mpaka likawa donge kama la chapati, tukakaa tukaanza kukanda. Siku ya kwanza alichoka mapema sana. Ikawa kila jioni nikisubiri maharage yaive tunafinyanga vyungu, vitumbua, ng'ombe, tunaanika juani vikishakauka anapaka rangi. Baadae tukahamia kuchana magazeti, na kutunga vifuniko vya chupa za maji kwenye kamba, mimi natoboa na msumari wa moto yeye anatunga. Kama miezi mitatu hivi vifungo akawa anafunga mwenyewe na herufi zikaanza kukaa kwenye mstari.

Ila kilichonigusa zaidi ni maongezi. Huyu mtoto ukimuuliza shule vipi anakwambia "nzuri" basi, kamaliza. Sasa siku hiyo tunatengeneza tiara, nimechomoa njiti za fagio la chelewa, tuna gazeti, gundi ya unga wa ngano tumeipika ikawa nzito kama uji, mkia kipande cha kanga kuukuu, yeye kashika njiti mimi nafunga uzi, mara nasikia "mama, kuna mtu ananinyang'anya chakula changu kila siku". Macho yake yako kwenye uzi, hanitazami. Nilijikaza nikaendelea kufunga, nikamuuliza taratibu, akasema yote. Kesho yake asubuhi nilikuwa kwa mwalimu. Ningemkalisha kwenye kochi nimhoji asingefungua mdomo, nina uhakika.

Ndo maana nasema kaeni nao, msiwape tu vifaa mkaondoka. Na usimrekebishe jamani, ng'ombe akiwa na miguu mitano muache, muulize tu huyu anaitwa nani.

Baba yao naye kawafundisha kufunga chandimu, ule mpira wa kujitengenezea. Enzi zake walitumia mifuko ya plastiki, ila hapa Tanzania ilipigwa marufuku Juni 2019 kwahiyo siku hizi ni soksi na matambara, wanakaza kamba mpaka vidole vinauma na mpira unadumu.

Wa chini ya miaka 3 usimpe vifuniko wala shanga, atameza, na wembe uwe mbali kabisa. Likizo hii mama yangu anakuja kutoka Tanga na ukindu wake, kaahidi kumfundisha mkubwa kusuka ukili, ule mkanda wa kushonea mikeka. Mdogo ana miaka miwili na nusu, bado kila kitu anapeleka mdomoni, kwahiyo nitamkandia donge lake pembeni lisilo na chumvi, akae hapohapo na bibi yake.