Akina baba katika filamu za zamani: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Salamu. Umeuliza kwa nini vipande vyako vya video vya akina baba katika filamu za zamani, ulivyovipanga kwenye skrini tatu, vinaonekana kama mkusanyo wa matukio maarufu tu. Ni kwa sababu umefuata maneno yao. Futa maneno, ubaki na mwili.

Katika Bicycle Thieves (1948), Antonio anampiga mwanawe Bruno kofi. Mwishoni, baba analia na mtoto ndiye anayemshika mkono. Katika Rebel Without a Cause (1955), baba amepiga magoti, aproni juu ya suti, anaokota chakula kilichomwagika. Mkono ule na magoti yale vikae skrini mbili jirani, bila neno. Msanii wa video Candice Breitz, katika kazi yake Father (2005), alikwenda njia nyingine: aliwang'oa waigizaji sita wa Hollywood kutoka kwenye mandhari yao, akawaacha wakisema kwenye weusi mtupu. Ukibaki na maneno utalinganishwa naye, na sidhani utashinda.

Kwa hiyo weka alama pale kinywa kinapofunguka na pale kinapofungwa. Chukua fremu, yaani picha mojamoja za filamu, 48 kabla na 48 baada. Katikati tupa.

Kasi ndiyo inayoharibu wengi. Diski ya PAL, mfumo wa video wa Ulaya, huendesha filamu ya fremu 24 kwa sekunde kwa kasi ya fremu 25: mwendo umeongezeka kwa asilimia 4 na mara nyingi sauti ya baba imekuwa nyembamba kidogo. Kwenye kazi inayohusu uanaume, hilo si dogo. Irudishe hadi asilimia 96. Diski ya NTSC, mfumo wa Marekani, ina balaa lake: katika kila fremu 5, 2 ni mchanganyiko wa fremu jirani, na ukipunguza kasi utaona meno ya kitana kwenye kila mkono unaosogea. Ondoa mchanganyiko huo kwanza, upate fremu halisi. Halafu usiiachie programu ibuni fremu za katikati, maana vidole vitayeyuka. Rudia kila fremu mara 4. Sekunde moja inakuwa nne, na mguso unaanza kuonekana kama uamuzi.

Umbo la picha liache lilivyo. Ile ya 1948 ni 1.37:1 (upana kwa kimo), ya 1955 ni 2.55:1. Ukiikuza ya kwanza ijaze skrini, unakata paji la uso au mikono, na mikono ndiyo kazi yenyewe. Weusi wa pembeni haudhuru.

Sauti: pumzi, viatu, mlango. Muziki wa filamu utoe wote, la sivyo utamwambia mtazamaji ahisi nini.

Mwisho, usitumie vicheza video vitatu visivyounganishwa, vitaachana taratibu. Tengeneza faili moja ya pikseli 5760 kwa 1080, kompyuta moja igawe picha kwenye projekta tatu. Iache ijirudie siku nzima bila kuigusa, kisha utazame kama mkono wa Bruno bado unafika wakati uleule magoti yanapogusa sakafu.

Mama yako