Hansard ya 1831 si neno kwa neno
Ndugu, umeuliza kama unaweza kunukuu neno kwa neno hotuba ya mbunge wa Uingereza ya 1831 kutoka Hansard, yaani taarifa za mijadala ya Bunge. Hapana, usiinukuu kana kwamba ni maneno yenyewe ya mbunge. Hansard ya wakati huo ilikuwa biashara ya mchapishaji binafsi, na sehemu kubwa iliokotwa kwenye magazeti ya London. Ndiyo maana inasomeka "alisema kwamba yeye...", si "mimi nasema". Bunge la Uingereza lilianza kuwa na waandishi wake rasmi wa mijadala mwaka 1909.

Kumbukumbu rasmi za kila siku zilikuwa kwenye Jarida la Bunge, na humo hotuba hazimo kabisa. Utakuta sala, maombi ya wananchi, miswada iliyosomwa na hesabu ya kura: waliokubali, waliokataa, na majina ya waliohesabu. Ile kura maarufu ya Machi 1831 ya mageuzi ya uchaguzi, 302 kwa 301, ithibitishe humo.

Hansard za Dodoma na Nairobi za leo ni habari nyingine. Jina wamerithi, lakini zile ni taarifa rasmi za Bunge lenyewe.